Widali au kuotesha? Kuchagua kipimo cha taifodi na cha UTI

Karatasi za majibu ya maabara, ziwe zimetoka Mwanjelwa ya Mbeya, Makambako ya Njombe au Mlandege ya Iringa, zinafanana kama zimechapwa siku moja: "S. typhi O 1:160, H 1:80. Mkojo: chembe za usaha 6–8." Mgonjwa anaambiwa ana taifodi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), anapewa dawa za yote mawili, na baada ya miezi mitatu anarudi na karatasi ileile. Mara nyingi aliyepima hana kosa. Kosa liko kwenye kipimo kilichochaguliwa, maana kinajibu swali ambalo mgonjwa hakuuliza.

Taifodi, yaani homa ya matumbo, na sehemu kubwa ya UTI husababishwa na bakteria wa ukoo mmoja: enterobakteria. Humo yumo salmonela wa taifodi, yumo E. coli aliyeelezwa na Theodor Escherich mwaka 1885, yumo shigela wa kuhara damu, na yumo klebsiela anayesumbua wodi za watoto wachanga. Proteusi wa mkojo na bakteria wa tauni walihesabiwa humo kwa miaka mingi. Mwaka 2016 wataalamu wa uainishaji waliwahamishia kwenye koo za jirani, ila mezani kwa mtu wa maabara bado wanatendewa kama zamani.

Ukoo huu una tabia zake, na ndizo zinazoamua kipimo kipi kikusaidie. Nje ya kila mmoja kuna ganda la mafuta na sukari. Hilo ndilo "O" unaloliona kwenye karatasi. Wengi wana mikia ya kuogelea. Hiyo ndiyo "H". Na karibu wote hugeuza naitreti iliyomo kwenye mkojo kuwa naitraiti. Kipimo kinachoshika mojawapo ya tabia hizi kinakuambia mtu wa ukoo fulani alipita hapa. Kuotesha, yaani kumlisha bakteria wa kwenye sampuli maabara mpaka azaliane na aonekane, ndiko kunakomtaja jina, na pia kunakosema anauawa na dawa gani.

Widali na kuotesha damu

Widali ni kipimo cha mwaka 1896, kimepewa jina la Mfaransa Georges Fernand Widal. Hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulitengeneza ulipokutana naye, na silaha hizo hubaki ghalani muda mrefu baada ya vita kwisha.

Kinavyofanyika ni hivi. Damu huachwa igande, majimaji ya juu (seramu) huchukuliwa, tone lake huwekwa kwenye kigae cheupe na kuchanganywa na tone la antijeni, yaani bakteria waliouawa na kutiwa rangi. Kwa kawaida ya O huwa ya bluu na ya H nyekundu. Kigae hutikiswa kwa dakika moja. Kingamwili zikiwapo, tone hukatika vipunje kama maziwa yaliyochacha. Hapo pana mtego. Msomaji akichelewa hadi dakika ya tatu, kingo za tone huanza kukauka, na ukavu huo unafanana sana na vipunje. Foleni ikiwa ndefu na mpimaji ni mmoja, "chanya" za namna hiyo haziepukiki.

Namba 1:160 maana yake seramu ilizimuliwa mara 160 na bado ikaonyesha mshikamano. Kwenye kigae namba hiyo ni makadirio tu. Namba ya kuaminika hutoka kwenye mirija inayolazwa kwenye joto kwa saa nyingi, kazi ambayo maabara ndogo haifanyi. Hata ikifanywa vizuri, swali linabaki: 1:160 ya lini? Mtu aliyekunywa maji ya mtoni utotoni, aliyeugua taifodi mwaka jana, aliyechanjwa, au aliyewahi kupata salmonela mwingine mwenye ganda linalofanana anaweza kuwa na namba hiyo huku homa yake ya leo ni malaria. Na kinyume chake kipo. Wiki ya kwanza ya ugonjwa kingamwili bado hazijatosha, na aliyeanza dawa mapema anaweza asizitengeneze kwa wingi. Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba Widali inaweza kuwa hasi kwa hadi 30% ya wagonjwa ambao kuotesha kumethibitisha wana taifodi.

Njia moja tu ya kuitumia Widali ina mantiki: kupima mara mbili, siku 10 hadi 14 zikipita katikati, na kuona kama namba imepanda mara nne, mathalani kutoka 1:40 hadi 1:160. Kufikia siku hiyo mgonjwa ama ameshapona ama yuko wodi ya upasuaji.

Kosa la Widali linalokula fedha nyingi kuliko yote ni kurudia kupima baada ya dozi "kuona kama imeisha". Haitaisha. Kingamwili hukaa miezi, na anayetibiwa mpaka karatasi iwe safi atameza siprofloksasini mwaka mzima. Kinachoonyesha mtu anapona ni homa kushuka, ambayo kwa taifodi hushuka taratibu, siku 3 hadi 5 baada ya kuanza dawa inayofaa. Kipimajoto cha kwapani kinatoa jibu la maana zaidi kuliko Widali ya pili.

Kuotesha damu ni habari nyingine. Damu hutiwa kwenye chupa yenye supu ya virutubisho, chupa hukaa kwenye nyuzi joto 35 hadi 37, na kama bakteria yumo anazaliana mpaka aonekane. Mashine zikiwapo, chupa nyingi zenye bakteria wa ukoo huu hutoa ishara ndani ya siku 1 au 2. Jina na orodha ya dawa hupatikana siku ya 2 hadi ya 4. Chupa isiyo na kitu husubiriwa siku 5 hadi 7 kabla ya kuandikwa hasi.

Udhaifu wake ni kwamba hata yenyewe hukamata takribani wagonjwa 6 kati ya 10 wa taifodi. Sababu ni hesabu. Mililita moja ya damu ya mgonjwa wa taifodi mara nyingi ina bakteria mmoja au pungufu. Ukitoa mililita 2 kwa mtu mzima, unaweza kuwa umechota mahali ambapo hayupo. Kwa hiyo kiasi cha damu ndicho kipimo chenyewe: mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa ya mtu mzima, na chupa mbili zikiwezekana, kwa mtoto mdogo mililita 2 hadi 4 kwenye chupa ya watoto. Damu moja kwa supu tano hadi kumi ndio uwiano. Ikizidi, kinga iliyomo kwenye damu yenyewe inaendelea kuwaua bakteria ndani ya chupa.

Mambo mengine mawili huiharibu. La kwanza ni dawa. Vidonge viwili vya duka la dawa vilivyomezwa jana usiku vinatosha kuwanyamazisha bakteria wa kwenye damu, hivyo damu ya kuotesha inatolewa kabla ya dozi ya kwanza, si baada ya dawa "kushindwa". La pili ni ngozi. Spiriti ya 70% ipakwe, iachwe ikauke, kisha ayodini ikauke pia, na kidole kisirudi kupapasa mshipa uliokwisha kusafishwa. Karatasi ikirudi na jina la stafilokoka wa ngozi kwenye chupa moja kati ya mbili, mara nyingi huyo alitoka mkononi, si ndani ya damu. Chupa isiwekwe friji hata usiku mmoja. Hukaa kwenye joto la chumba mpaka ifike maabara.

Kwa nini tunasisitiza kuotesha kwa mikoa hii hasa? Kwa sababu ya VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliiweka Njombe juu kabisa kwa 12.7%, ikifuatiwa na Iringa na Mbeya. Mtu mwenye kinga iliyoshuka, na vilevile mtoto mwenye utapiamlo au malaria kali, hushambuliwa kwenye damu na salmonela wasio wa taifodi, wale ambao kwa mtu mwenye afya huishia kuharisha siku tatu. Kwake mara nyingi hawaleti kuhara: ni homa tupu, kudhoofika, wengu kuvimba. Widali inaweza kumkosa kabisa au ikamwita jina lisilo lake. Chupa ya damu humpata.

Malaria kwanza, lakini kwa akili ya mwinuko

Jiji la Mbeya liko kwenye mita kama 1,700, Njombe inakaribia 2,000, na Kyela haizidi 500 na kitu. Homa ya mtu ambaye hajatoka Njombe mwezi mzima si homa ya mtu aliyeshuka Kyela kwa ajili ya mpunga, Usangu kwa ng'ombe au Pawaga kwa vitunguu. Huyu wa pili apimwe malaria kwa kipimo cha haraka kabla ya neno taifodi kutajwa. Hasi moja haitoshi kama homa inaendelea, arudie. Na aliyekuwa na mifugo au anayekunywa maziwa mabichi, homa ya kupanda na kushuka pamoja na maumivu ya mgongo na viungo imkumbushe daktari bruselosisi. Huyo si wa ukoo huu, lakini mara nyingi hufichwa nyuma ya Widali ya 1:160.

Choo: kina kazi yake, si hii unayodhani

Kipimo cha haraka cha choo, kile cha kikaseti chenye mistari miwili, kimepata umaarufu kwa sababu kinajibu ndani ya robo saa na kinatafuta bakteria mwenyewe badala ya kingamwili. Ni hatua moja mbele ya Widali. Ila mstari wa pili hausemi kama bakteria huyo ndiye anayeleta homa au ni mpangaji wa siku nyingi, na hausemi dawa gani inamuua. Baada ya taifodi, wachache kati ya kila 100 hubaki wabebaji kwa zaidi ya mwaka, bakteria akiwa amejificha kwenye kibofu cha nyongo, wao wenyewe wakiwa wazima kabisa.

Kuotesha choo kuna nafasi kubwa zaidi kuanzia wiki ya pili, na ndicho kipimo sahihi cha kumtafuta mbebaji: mama ntilie, mpishi wa bweni, muuza juisi. Kwa kuwa bakteria hutolewa kwa vipindi, sampuli moja hasi haimtoi mtu lawamani. Zinahitajika tatu za siku tofauti. Widali kwa ajili ya kadi ya afya ya mpishi ni fedha ya bure.

Kwenye sahani ya MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, ukoo huu hujigawa kwa rangi: E. coli na klebsiela hula laktosi (sukari ya maziwa) na madoa yao huwa ya waridi, ya klebsiela yakiwa na ute kama mlenda. Salmonela na shigela hawaili, madoa yao hubaki ya rangi ya maji. Rangi hiyo ni mwanzo tu. Maabara inayotoa jina kutokana na rangi peke yake, bila vipimo vya kuthibitisha, imekupa nusu ya huduma uliyolipia.

Mkojo: stripu na sahani

Kwenye mkojo mambo yanageuka. Kipimo cha haraka, yaani stripu inayochovywa, si adui. Kwa mwanamke kijana asiye mjamzito anayekojoa mara kwa mara kwa maumivu ya kuunguza, stripu na maelezo yake vinatosha kumwanzishia tiba. Shida ni kusomwa vibaya.

Kijisanduku cha naitraiti husomwa sekunde ya 60, cha chembe nyeupe dakika ya pili. Naitraiti ni ile tabia ya ukoo tuliyoitaja, na bakteria wanahitaji muda kuitengeneza, kama saa 4 mkojo ukiwa kibofuni. Ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora, na ndiyo maana anayekwenda chooni kila nusu saa anaweza kuwa na UTI ya kweli na naitraiti hasi. Vitamini C nyingi huificha pia. Halafu tazama kopo la stripu lenyewe: likikaa wazi mezani, hewa na unyevu hukibadilisha rangi kijisanduku cha naitraiti, na kila mteja wa jioni hutoka "chanya". Kopo lifungwe kila mara baada ya kuchomoa stripu moja, na pakiti ya kufyonza unyevu isitupwe.

"Chembe za usaha 6–8" peke yake si UTI. Zinaweza kutoka kwenye ute wa ukeni, kisonono, mawe, hata TB ya figo. Ukiona karatasi hiyohiyo ina chembe za ngozi nyingi, maana yake mkojo uligusa nje kabla ya kuingia kopo, na cha kufanya ni kutoa upya. Namna ya kutoa: nawa, tenga mashavu ya uke au vuta govi nyuma, mwaga mkojo wa kwanza chooni, kinga wa katikati, na kopo lisiguse mwili.

Kuotesha mkojo ni lazima kwa mjamzito, mtoto mdogo, mwanamume, mwenye homa na maumivu ya kiunoni, na yeyote ambaye UTI imerudi baada ya dawa. Kazi yenyewe ni rahisi kuliko ya damu: kitanzi kinachobeba mikrolita 1 ya mkojo huburuzwa juu ya sahani, sahani hulala saa 18 hadi 24. Kila doa linalochipuka linawakilisha bakteria 1,000 kwa mililita. Madoa 100 ni 100,000, kiwango alichokipendekeza Edward Kass miaka ya 1950 na kinachotumika mpaka leo, ingawa kwa mwenye dalili wazi hata pungufu ya hapo huhesabika. Zikiota aina tatu au zaidi, sampuli ilichafuka.

Muda ndio unaoua kipimo hiki. Katika joto zuri E. coli hujigawa kila dakika 20 hivi, na kutoka 1,000 kufika 100,000 ni kujigawa mara saba tu. Kopo lililotoka Tukuyu asubuhi, likapanda Coaster kilomita kama 70 hadi Mbeya, likasubiri mapokezi mpaka saa saba mchana, linaweza kumpa mtu mzima kabisa majibu ya ugonjwa. Mkojo upandwe ndani ya saa 2, au ukae friji kwenye nyuzi 4 kwa muda usiozidi saa 24. La sivyo safiri wewe, kopo ulijaze ukishafika.

Na asiye na dalili asipimwe kwa udadisi. Bakteria kwenye mkojo wa mtu asiyelalamika, kama si mjamzito wala haendi kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, kwa kawaida hatibiwi. Wazee wengi na wanaovaa mpira wa mkojo wanao, na kuwapa dawa kunawafundisha bakteria usugu. Ukoo huu hupeana somo upesi: vipande vya DNA vinavyobeba kimeng'enya cha kuvunja seftriaksoni hutoka kwa E. coli kwenda kwa klebsiela ndani ya utumbo mmoja.

Kusoma karatasi ya kuotesha

Mbele ya kila dawa kuna herufi: S ni dawa inamuua, R ni sugu, I iko katikati na daktari ndiye wa kuamua. Lakini S nyingine ni za kinadharia. Salmonela wa taifodi anaweza kuandikiwa S kwa jentamisini, na jentamisini isimsaidie mgonjwa, kwa sababu bakteria huyu hukaa ndani ya seli ambako dawa hiyo haimfikii vizuri. Nitrofurantoini ni nzuri kwa kibofu ila haifai homa ya figo, wala haimgusi proteusi. Klebsiela ni sugu kwa ampisilini tangu kuzaliwa, kwa hiyo amoksisilini kwa klebsiela ni kosa hata kabla ya kupima.

Uchaguzi wenyewe, kwa mgonjwa aliyeko mbele yako

Homa imefika siku ya tano, malaria hasi mara mbili, hajameza dawa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inafikika: otesha damu, na Widali usiilipie. Aliyeko mkoa mwingine au wilayani apige simu kuuliza hospitali ya rufaa ya mkoa kama wiki hii chupa na virutubisho vipo, maana huduma hiyo husimama vifaa vikiisha. Akiwa kwenye zahanati isiyo na chochote, tabibu akiona dalili zinaelekea taifodi anaweza kuanza tiba kwa dalili. Widali ya kigae haitampa uhakika ambao hakuwa nao, na fedha yake inatosha nauli.

Mgonjwa wa wiki ya tatu mwenye tumbo lililokaza ghafla kama ubao, au anayetoa choo cheusi, hapimwi taifodi kwanza. Utumbo unaweza kuwa umetoboka au unavuja damu. Anapelekwa penye chumba cha upasuaji, mengine yafuate.

Na kwenye fomu ya kuotesha, andikeni dawa zote zilizomezwa wiki hiyo na namba ya simu inayopatikana usiku. Jibu halitoki siku hiyohiyo. Chupa inaweza kutoa ishara saa nane usiku wa siku ya pili, mgonjwa akiwa ameshapanda basi kurudi Chunya na amoksisilini mfukoni, na maabara haina pa kumpatia.